Upendo Hujifunza Lugha



Neno letu la leo ni Matendo ya Mitume 2, kuanzia mstari wa 5 hadi wa 11. Lifungue ulisome kwanza, ni fupi. Halafu urudi hapa tuzungumze.

Dada mmoja wa kanisa letu aliniandikia wiki hii. Vijana wawili wenye mashati meupe, tai na beji nyeusi kifuani wamebisha kwake mara mbili. Akaniuliza, "Pasta, nifungue au nikemee?"

Najua si yeye peke yake anayejiuliza hivyo, kwa hiyo nitajibu hapa, tena nianze na mafundisho, mtu asije akasema pasta amelegea. Wale ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tunawaita Wamormoni. Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, tarehe 6 Aprili 1830. Pamoja na Biblia, wanakishika Kitabu cha Mormoni kuwa neno la Mungu. Wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu walio mbalimbali, wala si Mungu mmoja katika nafsi tatu kama tunavyokiri sisi. Hapo hatuko pamoja nao, na siwezi kulificha jambo hilo ili nionekane mwema.

Lakini kukemea? Mpendwa, kemea pepo, usikemee mtoto wa watu aliye na kiu. Waraka wa pili wa Yohana unatuonya tusiwaunge mkono wanaoleta mafundisho mengine, kwa hiyo madhabahu hatuwapi. Maji tunawapa. Ukisoma Matendo 18, utaona Akila na Prisila walipomkuta Apolo, kijana mwenye moto lakini mwenye ufahamu nusu. Hawakumwaibisha mbele za watu. Walimchukua kando wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Kama umekaa na Neno na unajua unachoamini, fanya hivyo. Kama hujui, kaa kwanza na Biblia yako kabla hujakaa na mtu yeyote sebuleni. Na chai usiwape, hawanywi. Ndiyo, umenisikia, chai hawanywi, kahawa hawanywi. Wape maji ama uji.

Hilo nimelijibu. Sasa kuna jambo lingine moyoni mwangu kuhusu vijana hawa, nalo halihusu mafundisho yao. Linahusu wiki yao.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhudumu kwa Wakenya wanaoishi Los Angeles, California. Familia iliyonipokea ilikaa mtaa ambao karibu kila jirani alikuwa ametoka Meksiko, Guatemala au El Salvador. Dukani ni Kihispania, kwenye basi ni Kihispania, hata watoto wakigombana nje ni Kihispania. Jumatatu moja nilipeleka nguo zangu mahali pa kufulia, pale unapotia sarafu na mashine inafua. Nikamkuta kijana wa miaka 19 anakunja mashati meupe, kama kumi hivi. Beji yake iliandikwa kwa Kihispania. Wenzake wanamwita Mzee, maana ndicho cheo chao. Miaka 19, Mzee!

Tulikaa pale zaidi ya saa moja tukingoja nguo. Mwenzake alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, kwa sababu hawaruhusiwi kuachana. Wanatembea wawili wawili, na mtu hajichagulii mwenzake. Anapangiwa, na baada ya wiki kadhaa anaweza kupangiwa mwingine. Vijana wa kiume hutumika miezi 24, wasichana miezi 18. Mshahara hakuna. Wao na familia zao ndio wanaochangia gharama. Kwa vijana wa Marekani mchango ulikuwa dola 400 kwa mwezi, na tangu Julai 2020 ukapandishwa kuwa dola 500. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanaomba, wanafanya mazoezi, wanasoma maandiko, wanasoma lugha, kisha wanatoka. Saa nne na nusu usiku taa zinazimwa. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua, kununua chakula na kupiga simu nyumbani. Hadi Februari 2019 simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu.

Nikamuuliza, "Wiki yako iliyopita ilikuwaje?" Akaanza kuhesabu kwa vidole.

Jumanne walibisha milango ya jengo zima la ghorofa. Miwili ndiyo iliyofunguliwa, na mmoja ulifungwa kabla hajamaliza salamu. Jumatano walimsaidia mzee wa Salvador kupandisha friji hadi ghorofa ya tatu, na jioni wakafundisha Kiingereza bure. Walikuja watu wanne. Alhamisi, mama aliyekuwa amewaahidi kuonana nao alizima taa walipofika. Walimwona dirishani. Wakaondoka polepole ili asijue kwamba wamemwona.

Ijumaa walikaribishwa chakula na familia moja. Wakapewa pupusa, ambayo ni kama chapati nene ya unga wa mahindi yenye maharagwe na jibini ndani. Kijana alitaka kusema ana njaa. Kwa Kihispania njaa ni hambre. Yeye akasema hombre, maana yake mwanamume. Kwa hiyo akatangaza mbele ya wazee kwamba ana mwanamume. Nyumba nzima ililia kwa kicheko. Nyanya wa nyumba ile akamshika mkono, akamfanya arudie neno mpaka likakaa sawa, kisha akamwongezea chakula.

Alikuwa amesoma Kihispania kwa wiki sita hivi katika kituo chao cha mafunzo huko Provo, Utah. Wiki sita! Mengine yote alifundishwa na watu wale wale aliotumwa kuwafundisha. Akaniambia jambo moja ambalo sijalisahau. Alisema watu walianza kumfungulia mlango siku alipoacha kuogopa kukosea mbele yao.

Kisha akanisimulia Jumamosi. Walikuwa wakimtembelea mama mzee wa Guatemala, mjane. Kila wiki wanafika, wanasoma Kihispania chao, mama anaitikia kwa kichwa, wanaomba, wanaondoka. Kijana aliona kama anazungumza na ukuta. Jumamosi hiyo mjukuu alikuwepo, akawaambia, "Kihispania si lugha ya nyanya. Lugha yake ni K'iche'." Hiyo ni lugha ya Wamaya, wenyeji wa Guatemala, iliyokuwepo kabla ya Wahispania kufika.

Fikiria, ndugu yangu. Kijana amehangaika miezi mingi na Kihispania, halafu anagundua kwamba hata mama huyu Kihispania amekiazima. Angeweza kukata tamaa. Badala yake alimuuliza mjukuu, "Asante inasemwaje?" Akaambiwa, maltyox. Akamgeukia yule mama akasema, maltyox. Mama akaweka mkono mdomoni. Halafu akaanza kuzungumza. Alizungumza karibu nusu saa, mjukuu akitafsiri, kuhusu mumewe, kuhusu kijiji chake, kuhusu mtoto aliyemzika huko. Miezi yote ile alikuwa na hayo moyoni, na hakuna aliyekuwa amemgusa mahali pale.

Neno moja tu.

Sasa nisikilizeni, Wapentekoste wenzangu. Sisi ni watu wa Matendo 2. Sisi ndio tunaosema Roho alishuka na watu wakanena kwa lugha. Na katika mji ule ule wa Los Angeles, mwaka 1906, mahali paitwapo Azusa Street, Mungu alimtumia William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, na moto ule umefika hadi kwetu. Jengo lile halipo tena, lakini ukisali kanisa la Kipentekoste leo, una deni kwa mtaa ule.

Lakini mjue habari nyingine ya Azusa. Miongoni mwa waliobatizwa kwa Roho pale alikuwamo mhubiri Alfred Garr. Aliamini kwamba amepewa Kibengali, lugha ya watu wa Calcutta, India. Yeye na mkewe Lillian wakafunga safari hadi huko. Walipofika, wenyeji hawakumwelewa. Kibengali hakikuwepo. Je, walisema Roho amewadanganya? Hapana. Walibaki wakahudumu, na 1907 wakaendelea hadi Hong Kong, ambako Garr alihubiri kupitia mkalimani, Mok Lai Chi, na kazi ya Mungu ikasimama pale.

Mimi ninanena kwa lugha na sioni haya. Lakini hata ukinena lugha za mbinguni usiku kucha, asubuhi jirani yako bado atahitaji umsalimie kwa lugha yake. Paulo mwenyewe, aliyenena kwa lugha kuliko Wakorintho wote, aliandika katika 1 Wakorintho 14 kwamba kanisani angechagua maneno matano yanayoeleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka. Na ukirudi Matendo 2, tazama kilichowashangaza watu. Haikuwa kelele tu. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha ya nyumbani kwao. Mungu angeweza kuwaacha wote wasikie Kiyunani, maana wengi wao walikijua. Alichagua kuwafikia kwa lugha waliyonyonya.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu ya kitanda kimoja cha hospitali.

Mwezi uliopita niliitwa kumwombea mama mzee Mkamba aliyekuwa amelazwa. Nilimkuta na wajukuu wake watatu, wazuri, wamesoma, wanampenda. Wamemletea matunda na blanketi. Yeye alikuwa anazungumza, wao wanatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nikamwita susu, nikamsalimu kwa Kikamba. Akanishika mkono akasema, "Waambie hawa watoto nilikuwa nikiwaombea kwa majina kila alfajiri tangu walipozaliwa." Nikageuka nikawaambia kwa Kiswahili. Yule wa kwanza akaanza kulia. Ana miaka 26. Hakuwahi kujua. Nilikaa pale saa nzima, mimi mgeni, nikiwa mkalimani kati ya nyanya na damu yake mwenyewe. Alilala katika Bwana siku kumi baadaye.

Wazazi, sikuandika haya kuwahukumu. Mji una yake, shule ina yake, na ndoa zetu zimechanganya makabila, asante Yesu. Lakini kuna ushuhuda ndani ya nyumba zetu unaokwenda kaburini kwa kukosa mtu wa kuusikia. Na nje ya nyumba zetu vilevile. Yule fundi wa nguo kutoka Kongo pale kona. Yule mama wa Sudan Kusini mnayechota naye maji. Msomali unayenunua kwake unga kila wiki. Kijana kiziwi anayekaa benchi la nyuma kanisani na kutazama midomo yetu ikifunguka na kufumba. Tumewaombea wote. Nani amejifunza kuwaambia "habari ya asubuhi"?

Kijana wa miaka 19 alitoka nyumbani kwao, akalipa, akafungiwa milango, akachekwa mezani, ili apate maneno ya kumfikia mtu asiyemjua. Na ujumbe aliobeba sisi tunaona umepungukiwa. Sisi tunaosema tunao ujumbe kamili, tumelipa nini?

Kazi ya wiki hii ni hii. Chagua mtu mmoja. Mmoja tu. Jifunze maneno matano ya lugha yake, matano yale ya Paulo: salamu, asante, pole, jina lako nani, Mungu akubariki. Usijifunze kwenye simu. Muulize yeye mwenyewe akufundishe. Utakosea, na atakucheka. Mwache acheke, mlango unafunguka hapo. Kama ni shosho wako, mpigie leo, si Jumapili. Kama ni yule kijana kiziwi, mama anayejua lugha ya ishara atakaa nasi Jumamosi saa nane kanisani, njooni.

Tuombe.

Baba, ulimtuma Mwanao akazaliwa kwetu, akajifunza kuongea kwenye mapaja ya mama, akatuzungumzia kwa lugha ya wavuvi na wakulima. Tupe unyenyekevu huo. Waponye walioumizwa na ukimya wa watu wao. Walinde wazee wetu, watunzie maneno mpaka tuje kuyasikia. Na vijana wale wanaotembea juani wakibisha milango, wafikie Wewe mwenyewe. Katika jina la Yesu, Amina.

Andika hapa chini lugha utakayoanza nayo, tukuombee kwa jina.

Mbarikiwe sana.
Pasta wenu