Maji ya Asha na madumu ya wifi yangu



Miye mtoto wa Unguja, nimeolewa Sola, mkoani Simiyu, mwaka wa pili sasa. Leo nazungumzia filamu, lakini msinikimbie mabiarusi, mwisho wake unakuhusuni.

Inaitwa Pumzi. Ameitengeneza Mkenya, Wanuri Kahiu, mwaka 2009, na haifiki hata nusu saa. Ni hadithi ya wakati ujao, baada ya vita vya kugombania maji. Nje hapaoti kitu. Ndani watu wanaishi kwenye korido za kijivu, wanazalisha umeme kwa mashine za mazoezi, na mkojo wao unasafishwa waunywe tena. Hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mfanyakazi wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anatia mbegu, inachipua. Wakubwa wanamkatalia kutoka. Anatoroka, anaupanda mche jangwani, anaupa maji yake ya mwisho, kisha analala pembeni yake.

Tuliiangalia kwenye simu yangu, miye, mavyaa na wifi. Ilipokwisha hatukukubaliana. Wifi aliipenda: mti ule utawafaa watakaokuja. Mavyaa alikunja uso: "Picha nzuri, lakini uhai ni amana. Angebakisha funda moja lake." Nikawaambia hata Blade Runner ya Marekani, ilipotoka mwaka 1982, wengine waliisifia mandhari yake ya giza na mvua, wengine wakasema inakwenda polepole mno. Leo inaheshimiwa.

Miye nilisema tumekumbushwa na Mtume (s.a.w.) kwamba hata Kiyama kikisimama na mche uko mkononi, ukiweza, uupande. Nikajiona nimemaliza maneno.

Wifi akacheka. "Mwaka ule ulipokuja, wewe ungeyaoga yale maji."

Nilicheka nao, kisha nikanyamaza. Watu wakisikia bwawa la New Sola, linalopeleka maji Maswa mjini, wanadhani huku kila mlango una mfereji. Wiki yangu ya kwanza ilikuwa kiangazi. Nilitoa singo, nikaosha nywele, nikamaliza madumu mawili ya lita 20 kwa mkupuo mmoja. Wifi aliyafuata kabla ya jua kutoka. Usiku ule nilimwona mavyaa akitayamamu kwa Isha. Nikadhani mgonjwa, nikamwombea shifaa! Kumbe maji yaliyobaki yalikuwa ya kunywa tu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa mgeni, mwanangu. Mgeni haambiwi maji yamekwisha."

Katika filamu ile, kabla ya jangwa, Asha anammegea maji mwanamke msafishaji chooni. Hakuna aliyekitaja kipande hicho, na miye ndicho kilichonikaa. Kufa kwa ajili ya mti ni jambo la filamu. Kummegea mwenzio kimya kimya, asijue hata kushukuru, mavyaa wangu alilifanya mbele yangu nami sikuliona.

Siku hizi nabeba dumu langu, na singo naitoa kwa kopo mbili.

Biarusi, somo atakufundisha udi, hina na kumpokea mume. Haya nakuongezea miye: ukifika ukweni, kabla hujauliza nguo zako utaweka wapi, uliza maji yanatoka wapi, na nani anayabeba.