Kitanda cha usiku mmoja: mama wa Nyakabere alivyolala Uvira mara mbili

UVIRA – Mama mmoja wa Nyakabere, mwuzaji wa unga wa muhogo, amelala mara mbili katika nyumba moja ya wageni ya bei ndogo hapa Uvira. Mara ya kwanza alikuwa msafiri. Mara ya pili alikuwa amekimbia vita.

Safari ya kwanza aliuza unga sokoni, akanunua ndagala za kurudi nazo, jua likazama nyuma ya milima. Magari yalikuwa yamekwisha kuondoka, na barabara ya taifa namba 5, inayopita bonde la Ruzizi kwenda Bukavu, watu wanaiogopa usiku. Hoteli za kando ya ziwa hakuziweza. Akaonyeshwa nyumba yenye chumba cha wanawake: vitanda sita, choo kimoja, bidoni ya maji mlangoni. Alilipa franka chache, akalala na pesa amezifunga ndani ya kitenge kiunoni. Asubuhi akarudi kwake, faida yake mkononi.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa pili 2025. M23 walikuwa wameingia Bukavu, na watu wa bonde walikimbia. Wengine walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine walishuka Uvira. Alifika na watoto wanne na mkeka.

Mwenye nyumba alimtambua, akamuuliza atakaa siku ngapi. Mama akakosa jibu. Pesa zake zilitosha siku tano. Kama angezilipa zote, siku ya sita angekuwa nje bila kitanda na bila unga.

Akalipa siku mbili tu, kitanda kimoja, watoto wawili wakalala kwenye mkeka. Kesho yake hakupumzika. Alipita makanisani na sokoni akiuliza watu wa kwao, mpaka akampata shangazi wa mume wake, upande wa Mulongwe. Shangazi huyo hakuuliza mengi. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, naye alilala shuleni na wanawe.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe la aliyekimbia limebaki kijijini, na mjini shamba halipo. Pesa za zile siku tatu ambazo mama hakuzilipa ndizo zikawa jembe lake. Alinunua unga kidogo, akauza kwa vikombe kando ya njia, na kila jioni akaweka kitu katika chungu cha shangazi.

Anayelala nyumba kama hizo aulize bei kabla ya kutua mzigo, na kama inahesabiwa kwa kitanda au kwa mtu. Atazame kufuli na chandarua. Majina yaandikwe yote, ya watoto pia, ili ndugu akija kuuliza awapate. Kipindupindu hurudi mara kwa mara Uvira: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu atokapo kwenye choo cha wote.

Na familia iliyokimbia, kabla ya kulipa usiku wa kwanza, ijiulize usiku wa tatu italala kwa nani.