Sisi Tunaofundisha Vipofu

Watu hutuuliza mara nyingi: «Ninyi mwafundisha vipofu? Basi mwawafundisha nini? Kuimba?» Wauliza kwa moyo mwema, wala hatukasiriki. Twajibu: hesabu, Kifaransa, jiografia, dini, kama katika kalasi nyingine zote. Hapo hutusifu: «Kweli, ninyi ni watu wa huruma sana.» Sifa hiyo yatuumiza kidogo. Huruma tunayo, lakini huruma haimfundishi mtoto kugawanya 144 kwa 12. Sherti ufundi.

Maandishi ya vipofu ni nukta zilizoinuka juu ya karatasi nene. Kila herufi yatoka katika nafasi ya nukta 6, tatu kushoto na tatu kuume, na kwa kuzipanga mbalimbali zapatikana alama 63. Mtoto asoma kwa kidole, toka kushoto kwenda kuume. Lakini akiandika kwa kibao na kijiti cha chuma, atoboa karatasi kwa nyuma. Basi aanza kuume, na kila herufi aiweka kinyume. Mwalimu anayeona hana budi kujifunza hayo yote, tena kusahihisha jioni nukta nyeupe juu ya karatasi nyeupe, hata macho yatoe machozi. Hesabu zina alama zake, muziki una zake. Ramani twajitengenezea wenyewe: kamba iliyobandikwa juu ya kartoni ndiyo mto Kongo, mbegu za maharagwe ndizo miji. Na nje ya kalasi twafundisha kutembea na fimbo nyeupe, na kusikiliza pikipiki kabla ya kuvuka barabara.

Aliyevumbua nukta hizo, Louis Braille wa Ufaransa, alikuwa kipofu, naye alikuwa mwalimu kama sisi. Alizitangaza katika kitabu mwaka wa 1829, akiwa na miaka 20. Wanafunzi wa chuo chake cha Paris walizipenda mara moja. Wakubwa walikawia, mmoja wao hata alizikataza, na watoto wakazidi kuandikiana kwa siri. Braille alikufa mwaka wa 1852. Ufaransa ilizikubali rasmi mwaka wa 1854, miaka 2 nyuma ya kifo chake.

Nasi twakawilishwa hivyo hivyo. Katika karatasi za kazi sisi ni walimu wa kalasi tu. Miaka tuliyojifunza nukta haihesabiwi popote, si katika cheo, si katika mshahara. Siku moja inspekta alishika daftari la mtoto, akalipindua huku na huku, akauliza kazi iko wapi. Mtoto akalichukua, akamsomea yote kwa kidole bila kukosa. Inspekta alicheka, nasi tukacheka, lakini katika ripoti yake aliandika nini juu ya kazi ambayo hakuweza kuisoma?

Hayo yavumilika. Lililotuuma zaidi ni habari ya mwenzetu mmoja, fundi wa nukta kutupita sote. Alihamishwa kwenda shule nyingine, kwa maana kwa karatasi yeye ni mwalimu kama yeyote. Mahali pake akaletwa kijana mwema, mwenye diploma, asiyejua hata herufi ya kwanza. Watoto ndio waliomfundisha mwalimu wao. Twawasifu sana, lakini mwaka ule hesabu zao hazikusonga mbele.

Kongo yetu imekubali mapatano ya dunia juu ya haki za wenye ulemavu mwaka wa 2015, na sheria yetu wenyewe imetoka tarehe 3 Mei 2022. Ni jambo jema. Lakini haki ya mtoto kipofu ya kusoma yakaa mikononi mwa mwalimu anayejua kumfundisha. Kwa hiyo twaomba mafunzo yenye mtihani na cheti, na cheti hicho kihesabiwe. Twaomba inspekta mwenye kusoma nukta. Na vijana vipofu waliomaliza masomo waajiriwe kufundisha pamoja nasi, maana vidole vyao vyatushinda.

Tukingoja, twafundishana. Likizo hii tutakutana siku tano, kila mtu kwa nauli yake, kujifunza alama za aljebra. Vibao tunavyo. Karatasi nene bado twaitafuta.