Cha Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walinena wahenga. Mwalimu mmoja wa shule ya upili mjini Kitui aliijua methali hii tangu utotoni, akaifundisha kwa miaka mingi, wala hakuielewa barabara hadi likizo ile aliporudi kwao Makueni, ng'ambo ya mto Athi, akajikuta amelala kifudifudi uani mwa mama yake, shavu lake likigusa mawe.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mama yake, mjane aliyepita umri wa miaka 70, alikuwa ameanguka usiku akienda msalani. Mfupa haukuvunjika, lakini tangu hapo alipunguza kunywa jioni ili asilazimike kutoka gizani. Hakulisema hilo, mwanawe alilitambua kwa kuona kikombe cha chai kikibaki kimejaa kila magharibi.

Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika bomani kwao. Hata hivyo, nguvu za jua si jambo geni Makueni. Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walishirikiana na wakazi wa Kitonyoni kujenga mtambo wa sola, nalo paa lake la paneli likabuniwa kuzalisha umeme na kukinga maji ya mvua papo hapo. Mwalimu hakuhitaji makubwa kiasi hicho. Alinunua paneli moja, betri ya volti 12 na taa mbili zenye jumla ya wati 20.

Kizuizi kilikuwa njia. Baina ya nyumba na msala, ua ulikatwa na njia ya mawe bapa, upana wake mita moja na nusu, itokayo langoni hadi barazani. Marehemu baba yake aliisakafia kwa mikono yake mwenyewe mwaka mmoja kabla ya kufariki. Mwalimu aliposhika mtaimbo ili ang'oe mawe mawili matatu, mama alikuja akasimama juu yake.

"Mwanangu, jiwe likishang'olewa halikai tena lilivyokaa. Afadhali giza."

"Basi nitapita chini, Mwaitu," akajibu.

Alichimba handaki refu upande mmoja na shimo upande wa pili, kina cha karibu nusu mita. Akachukua bomba la chuma, akaiziba ncha yake kwa kabari ya mti ili lisijae udongo, akalilaza handakini na kuanza kuligonga kwa nyundo. Udongo mwekundu wa kiangazi ulikuwa mgumu mithili ya tofali. Bomba likakwama nusu ya safari, na jua likatua.

Jioni hiyo mama alitoka jikoni na karai la maji aliyooshea vyombo, akayamimina mashimoni polepole bila neno. Katika nchi ile maji hayamwagwi ovyo. Hata machafu yana mche unaoyangoja. Mwalimu akafahamu kuwa ameruhusiwa. Asubuhi udongo ulikuwa umelegea, na kabla ya adhuhuri ncha ya bomba ikachomoza ng'ambo, shubiri moja tu kando ya pale alipokusudia. Hakuna jiwe lililotikisika.

Ndani ya chuma alipitisha bomba la plastiki, ili makali ya chuma yasichune waya na mchwa wasiutafune. Ndani ya plastiki akapitisha waya pamoja na uzi mrefu wa katani, kisha akaziba ncha zote. Usiku taa ziliwaka, ila kwa unyonge, kama macho ya mgonjwa.

Kosa lilikuwa lake. Wati 20 katika umeme wa volti 240 hazihitaji hata sehemu moja ya kumi ya ampea. Katika volti 12 huhitaji karibu ampea 1.7. Mkondo mkubwa katika waya mwembamba hupoteza nguvu njiani. Waya wake ulikuwa wa milimita moja ya mraba, na safari ya mita 30 kwenda na 30 kurudi ilimeza karibu volti mbili. Kesho yake aliufunga waya wa milimita mbili na nusu kwenye ule uzi, akauvuta hadi ng'ambo pasipo kuchimba tena. Hasara ikashuka chini ya volti moja. Karibu na betri akaweka fyuzi, kwani volti 12 hazimrushi mtu, bali waya zikigusana betri yaweza kuziunguza.

Usiku ule mama alivuka ua taratibu. Hakuitazama taa. Alisimama kitambo akiangalia mawe, ambayo tangu afiwe hakuwahi kuyaona saa hizo, kisha akarudi ndani akaomba chai.

Mwalimu alirejea Kitui muhula ulipofunguliwa. Angali anaifundisha methali ile, na wanafunzi wangali wanaeleza vyema maana ya kuinama. Siku hizi, hata hivyo, huwaongezea swali ambalo zamani hakuliuliza: je, mvungu huo ni wa kitanda cha nani?