Mguu wa Kulia

Mwanangu alizaliwa unyayo wa kulia umegeukia ndani. Bibi yake akaniuliza nilimcheka nani nikiwa mja mzito. Sikumcheka mtu.

Daktari aliunyoosha polepole, kila wiki plasta mpya, kwa njia ya Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca. Mtoto wa mwenzangu wa benchi alitosheka na plasta tano. Wangu alivaa nane, kisha akakatwa ukano wa kisigino. Nilinung'unika: kwa nini yeye?

"Mama, kisigino chake hakishuki. Natibu mguu huu, si wa mwenzake."

Ukano uliunga kwa wiki tatu, ukarefuka. Sasa hulala na viatu vyenye ufito, hadi atimize miaka minne. Huugonga ukutani usiku kucha. Nisipousikia, huamka kutazama.