Tui la Mwisho

Mwaka ule wa kwanza tulishukuriwa mno. Kila sahani iliyotoka mikononi mwetu ilirudishiwa dua: Mola akuzidishie, mama, akulipe pepo, akuepushie mabaya wewe na kizazi chako. Nilikuwa nikirudi nyumbani Kibokoni usiku nikijihisi mwepesi. Ilinichukua muda kugundua kwamba dua hizo ni zile zile zinazosikika kila Ijumaa mbele ya maduka ya Mombasa, wenye maduka wanapogawa sarafu: mkono umenyooshwa, kichwa kimeinama, maneno yamekwisha kupangwa. Anayeishi kwa kupewa naye ana kazi yake, na dua ni sehemu ya kazi hiyo. Simlaumu. Ila tulikuwa tunashukuriwa na watu tusiowajua hata majina.

Tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja, tuliojuana tangu chuoni kwa maalim. Mwaka 2016 tulianza kupika kila usiku wa kuamkia Ijumaa: wali wa nazi na maharagwe, mara nyingine mbaazi na mahamri. Sufuria zilipakiwa kwenye tuktuk mpaka Mwembe Tayari, maduka yakishafungwa na baraza zake zimeshatandikwa makatoni. Tulipanga watu foleni. Mmoja wetu alishika upawa, mwingine alitoa sahani, na wa tatu, niseme ukweli, alishika simu akipiga picha za kuwaonyesha wafadhili. Mchele haununuliwi kwa nia njema, kwa hiyo na picha zilikuwa na sababu yake.

Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, na 7,529 kati yao walikuwa Mombasa. Ni Nairobi tu iliyotuzidi. Nilipoisoma takwimu hiyo sikushangazwa na wingi. Nilichowaza ni kwamba kuna mtu alikwenda na karatasi usiku akawauliza wale watu umri wao na walikotoka, maswali ambayo sisi tuliowalisha kila wiki hatukuwa tumeyauliza.

Aliyetubadilisha alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Ami na kila mtu pale barazani. Usiku mmoja alikataa kupanga foleni. Alibaki amekaa kwenye katoni yake, miguu ameikunja, akasema, "Mimi nikipangwa mstari huwa ni polisi au kanjo. Chakula cha mgeni huletwa alipo." Sheria ya uzururaji ilifutwa Kenya mwaka 1997, lakini habari hizo hazijawahi kufika barazani, huko mtu angali anapakiwa kwenye gari kwa kosa la kulala. Mmoja wetu alicheka, akampelekea sahani yake. Wiki iliyofuata tulikuja na majamvi na masinia.

Sinia ni jambo jingine kabisa. Mkikaa watano mkala pamoja, vidole vinakutana kwenye wali, na haiwezekani kukaa kimya mpaka mwisho. Hatukuweza kusimama pembeni tukiwatazama, ikabidi tukae nasi tule. Basi ndipo siku moja, katikati ya kula, mama mmoja aliyekuwa na mwanawe mgongoni akanitazama usoni akasema, "Bi mkubwa, leo maharagwe hayakuiva."

Wenzangu walinyamaza. Mimi nilitafuna, nikaona kweli hayakuiva. Kumbe ule ulikuwa mlango, maana baada ya hapo walisema yote waliyokuwa wameyaweka moyoni tangu mwanzo: chumvi huwa kidogo, wali wa juzi uliungua chini, na tui letu ni jepesi. Yule mama alikuwa amepika majumbani kwa watu miaka mingi kabla mambo hayajamharibikia. Alinieleza, mimi niliyezaliwa jikoni, kwamba tui jepesi ndilo la kuchemshia, na kasimile, lile tui zito, hutiwa mwisho, moto ukishapunguzwa, la sivyo linakatika. Nilijua hayo. Tulikuwa tunaharakisha tu, kwa kuwa tulijiambia kwamba mwenye njaa hachagui.

Tangu usiku huo dua zilipungua, na malalamiko yakaongezeka. Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Hakuna anayemlalamikia mtu asiyemtarajia kesho.

Mengine tulijifunza kidogo kidogo. Kijana anayetumia unga, yaani heroini, akikamatwa na arosto ya kuukosa, hali wali hata umsihi vipi. Anatetemeka, jasho linamtoka, na anachokitaka ni chai yenye sukari nyingi. Tukaongeza chupa ya chai. Mmoja wa vijana hao aliamua kwenda kliniki ya methadoni kule Kisauni. Dawa hiyo hunywewa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku ya Mungu. Asiye na nauli huvuka daraja la Nyali kwa miguu asubuhi, kisha hurudi kwa miguu. Alikuwa akitusimulia safari hizo kama mtu anayesimulia shughuli za ofisini, nani alichelewa na nani alimkanyaga nani kwenye mstari.

Huyo huyo ndiye aliyetaka kitambulisho. Nilidhani ni jambo la wiki mbili. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu. Chifu wa wapi? Baraza la duka halina chifu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, karatasi zake hazijulikani ziliko. Na bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, na ukifika kwenye lango la jengo lolote la maana, askari anakutazama mikono. Usiku ule nilifungua mkebe wa biskuti ninamoweka karatasi za nyumbani. Cheti changu kimo, cha mama kimo, kitambulisho cha marehemu baba nacho kimo, pembe zimelika. Nimemshukuru Mungu maishani kwa watoto, kwa afya, kwa mvua. Kwa mkebe ule sikuwa nimewahi kumshukuru.

Halafu ikaja 2020. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tangazo likamtaka kila mtu awe nyumbani kwake. Mei, tukiwa katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa, hatutoki wala haingii mtu. Tulituma pesa kwa simu kwa mama ntilie mmoja wa upande wa pili. Aliyegawa futari pale barazani, aliyejua nani mgonjwa na nani ana mtoto, alikuwa yule mama wa kasimile. Alitupigia kwa simu ya mama ntilie kutueleza kila kilichotumika, mpaka bei ya pilipili manga ya kutia kwenye uji. Mambo yalikwenda bila sisi, tena kwa utaratibu kuliko tulivyozoea.

Njia zilipofunguliwa tulimkuta Ami amedhoofika. Hakumaliza mwaka. Alfajiri aliyofariki wenzake walichanga kabla hata ya kututafuta. Nilipofika, kijana wa Kisauni alikuwa ameshika pakiti tupu ya unga wa ngano yenye sarafu za kumi na za ishirini, na noti moja ya mia ambayo kila mtu alikana kuwa ni yake. Zilikuwa za sanda. Nilitaka kumwambia kwamba gharama tutazibeba sisi, na neno lilishafika kwenye meno, nikalimeza. Sanda ikanunuliwa kwa sarafu zile. Sisi tulilipa gari. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisema tunawapelekea watu hawa huruma, na pale mbele yangu kulikuwa na watu wasiojua watakula nini jioni, wanabishana ni nani amechangia kidogo aongeze.

Siku hizi hatupiki Kibokoni. Tumekodi kijumba karibu na Mwembe Tayari, na msimamizi wa jiko ni yule mama. Analipwa, ingawa si kingi. Kijana alipata kitambulisho chake baada ya kuhangaika sana, akaacha dawa, akarudi kwenye unga, sasa yuko kwenye dawa tena. Picha hatupigi, na wafadhili wawili walituacha kwa sababu hiyo. Mimi ninakuna nazi. Alhamisi iliyopita nilikuna nne, nikakamua, nikampelekea bakuli. Alichovya kidole, akaonja, akaniuliza kama nazi zimekwisha sokoni.