Kitanzi Ni Kilekile, Maelezo Ndiyo Tofauti

Kitanzi anachowekewa mwanamke wa Birmingham na anachowekewa wifi yake aliye Morogoro mara nyingi ni kifaa kilekile: kiplastiki chenye umbo la T, urefu wake kama sentimita 3.5, kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na nyuzi mbili mkiani. Shaba huzizuia mbegu za kiume zisilifikie yai. Kinakaa miaka 10 au zaidi, na kati ya wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka, wanaoshika mimba hawafiki hata mmoja. Tofauti iko kwenye huduma, na kila upande una la kujifunza kwa mwenzake.

Huku Uingereza uzazi wa mpango ni bure chini ya NHS tangu 1974, ila bure hiyo ina foleni. Nilisubiri wiki kadhaa. Siku ya miadi nesi alinipa sampuli mkononi, nikaipindapinda mikono ya kitanzi na kuzigusa nyuzi, laini kama uzi wa kuvulia. Akanieleza bila kuficha: cha shaba huweza kuongeza damu ya hedhi na maumivu ya tumbo, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo; kati ya wanawake 20, mmoja hivi kitanzi humtoka chenyewe, kwa hiyo nijifunze kuzipapasa nyuzi kila baada ya hedhi, na mara chache sana, kama watu 2 kwa 1,000, hutoboa mfuko wa uzazi wakati wa kuwekwa. Akanitajia pia cha homoni, ambacho hupunguza damu. Mume wangu anasemaje, hakuniuliza.

Nyumbani Tanzania wepesi ni mkubwa zaidi. Huduma ni bure katika vituo vya serikali, na mkunga aliyefunzwa anaweza kukuwekea kitanzi ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Wifi yangu alitoka wodini akiwa na mtoto mgongoni na kitanzi tayari. Alichopewa cha ziada ni kadi yenye tarehe ya kurudi, basi. Hedhi ilipokuja nzito, maelezo yakatoka kwa majirani: kimepanda moyoni, kitamchoma mumeo, hutazaa tena. Mama mkwe naye akatoa hukumu yake. Wifi akaenda kukitoa, wakati swali moja tu kwa mkunga lingemtuliza.

Ukweli ni kwamba mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda moyoni. Nyuzi hulainika zenyewe, na zikimsumbua mume hupunguzwa kwa mkasi kliniki. Kikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi mara moja. Lakini asiwekewe mwenye ujauzito, mwenye maambukizi ya nyonga, wala anayetokwa damu isiyojulikana chanzo. Hakikingi VVU, kondomu bado ina kazi yake.

Msidhani huku Uingereza ni peponi. Mwaka 2021 mtangazaji wa BBC Naga Munchetty alisimulia redioni alivyopiga mayowe na kuzimia alipokuwa akiwekewa, na wanawake wengi wakajitokeza kusema waliambiwa ni maumivu kidogo tu. Mwaka 2024 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, iliwataka watoa huduma wazungumze na kila mwanamke kuhusu maumivu na dawa za kuyapunguza. Nyumbani jibu tunalijua: "Vumilia mama, si umeshazaa?" Kuzaa hakumfanyi mtu asisikie maumivu.

Kwa hiyo dada, uwe Leicester au Kilosa, kabla hujapanda kitandani uliza: ni cha shaba au cha homoni? Damu yangu itakuwaje? Mtanipa dawa gani ya maumivu? Kitatolewa mwaka gani? Nikipata homa, maumivu makali au nisipozihisi nyuzi, nije wapi? Andika majibu. Ukishayapata, jirani hatakuwa na la kukutisha. Na siku ukitaka kitolewe, nenda kikatolewe. Mwili ni wako.